Shavu la Bibi Mdogo

"Litoe, Tatu. Wewe litoe tu, sitakuuliza ulilificha wapi."

"Nitoe nini, dada? Nimelimeza? Mimi kuku, nimeze mawe?"

"Jiwe halina miguu."

"Na macho yako yana nini? Juzi umetafuta mwiko nyumba nzima, na mwiko uko mkononi mwako."

"Mama aliniachia mimi lile jiwe. Tangu siku ile unalitamani, mpaka leo kichwa kimekuwa cheupe bado unalitamani."

Nilipokuwa mtoto wa miaka kama tisa, kiangazi kimoja kilianza hivyo, kwa sauti mbili zilizoteremka njiani zikanikuta kabla sijaiona nyumba. Nilikuwa napanda kutoka misheni, shule imefungwa, nimefuatana na wanawake wawili waliotoka kununua chumvi. Wao walicheka. "Bibi zako hao," mmoja aliniambia, "wanakuamkia." Mimi sikucheka. Niliukumbatia mzigo wangu kifuani, kwa sababu jiwe walilokuwa wakigombea lilikuwa mle ndani, limefungwa kwenye kitambaa changu cha kanisani.

Lazima nieleze habari ya jiwe lile. Bibi Mkubwa ndiye aliyemzaa mama yangu, na Bibi Mdogo ni mdogo wake, ambaye dada yake tu ndiye aliyemwita Tatu. Waume zao walikuwa wamekufa, nao waliishi pamoja katika nyumba moja mlimani, juu ya kijito, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni kama mgeni asiyepiga hodi. Kazi yao ilikuwa ufinyanzi. Vyungu havifinyangwi masika, maana havikauki, kwa hiyo mwaka wao ulikuwa kiangazi. Vyungu wakishavichoma, wanawake wa bondeni walikuja kuvichukua, na bei ya chungu ilikuwa kile kinachokijaza. Chungu kidogo, mtama kidogo. Mtungi mkubwa, mtama wa kujaa mtungi. Mtama huo ndio ulioliwa masika, wakati mahindi ya mlimani yamekwisha ghalani.

Jiwe lilikuwa la kulainishia. Lilikuwa jeusi, dogo kama yai la njiwa, limesuguliwa na mikono ya bibi na mama za bibi mpaka linang'aa kama limepakwa mafuta. Chungu kikianza kukauka, mfinyanzi hukisugua kwa jiwe namna hiyo mpaka ngozi yake ifunge. Mama yao alipokufa alimwachia mkubwa. Mdogo alikuwa na jiwe lake jingine aliloliokota mwenyewe mtoni, nalo lilikuwa zuri, lakini halikuwa la mama.

Na mimi nililichukua. Mwisho wa kiangazi kilichotangulia, siku ya kurudi shule, niliingiza mkono kwenye kikapu cha vifaa nikalitia katika mzigo. Sikuwa mwizi wa kuzoea. Nilitaka tu kitu chenye harufu ya pale. Kule misheni tulilala wasichana wengi katika chumba kirefu kilichonuka sabuni na chokaa, na usiku nililishika jiwe mkononi nikapata usingizi. Mchana nilisugulia nalo kibao changu cha kuandikia, kikawa laini kuliko vya wenzangu wote, na sista akakiinua darasani kuwaonyesha wengine. Nilifurahi, nikasahau kuwa nina cha kurudisha. Vifaa vya ufinyanzi vililala kikapuni masika yote bila kuguswa, na hakuna aliyejua, mpaka wiki ile kikapu kilipofunguliwa.

"Shikamoo Bibi Mkubwa. Shikamoo Bibi Mdogo."

"Marahaba, mke mwenzangu," walijibu pamoja, kisha wakatazamana kwa hasira kwamba wamejibu pamoja.

Ningelisema pale pale. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini sikusema. Mkeka ulikuwa umetandazwa uani, na kila kilichokuwamo kikapuni kilikuwa juu yake: vipande vya kibuyu vya kukwangulia, magunzi ya mahindi, kamba, jiwe la Bibi Mdogo. Walikuwa wamekwisha tafuta chini ya vinu, nyuma ya mafiga, ndani ya majivu. Nikilirudisha kwa siri watajua ni mimi, maana kabla sijafika halikuwapo. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ilipofika, kosa lilikuwa na umri wa siku moja zaidi, na lilionekana limenenepa.

Lakini nisiandike kana kwamba kiangazi kile kilikuwa cha huzuni. Hakuna kiangazi pale kilichonihuzunisha kwa siku nzima. Asubuhi tulikula viazi vitamu vilivyolala majivuni. Mchana niliteleza na watoto wa jirani kwenye mteremko wa nyasi kavu, tumekalia magamba ya migomba, tunashuka tukipiga kelele mpaka kwenye matope ya kijito, kisha tunapanda tena. Jioni niliogeshwa kwa maji ya moto kwa sababu baridi ya kule juu kiangazi huuma mifupa. Usiku nililala katikati ya bibi zangu wawili, mmoja akinipa joto la mgongo, mwingine la tumbo.

Hata ugomvi wao ulikuwa na raha yake, Mungu anisamehe, kwa sababu waliacha kusemezana na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao.

"Chausiku, mwambie bibi yako maji yamechemka."

"Bibi Mkubwa, maji yamechemka."

"Mwambie nimesikia, masikio hayajaibwa."

"Bibi Mdogo, anasema amesikia."

"Na lile la masikio mbona umelikata? Nimelisikia."

Walifanya kazi huku wamepeana migongo. Bibi Mkubwa alisugua vyungu vyake kwa gunzi na kipande cha kibuyu, kwa makusudi, ili kila apitaye aone. Bibi Mdogo aliliweka jiwe lake juu ya mkeka, katikati, akauambia ukuta, "Kama kuna mtu analihitaji, alichukue." Ukuta haukulichukua.

Kulikuwa na jambo jingine kati yao ambalo mimi sikulitilia maanani wakati ule. Chungu kikichomwa kabla hakijakauka sawasawa hupasuka. Kwa macho huwezi kujua. Nje kimekuwa cheupe, umekigonga kinalia, lakini chini, kwenye kitako, udongo ni mnene na maji hujificha. Dawa yake ni shavu. Unakibeba chungu alfajiri, unakiweka kitako chake shavuni, unanyamaza. Kikiwa na maji utasikia ubaridi unakupita ndani kama wa jiwe la mtoni. Kikiwa kimekauka hakina neno. Bibi Mkubwa shavu lake lilikuwa limekufa kwa miaka mingi ya kuinamia moto, halikusikia tena. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya kuchoma, Bibi Mdogo ndiye aliyepita safu nzima, chungu kimoja baada ya kingine, akilaza uso kama anayewabusu watoto waliolala. Akisema "bado," ilikuwa bado, hata kama wanawake wa bondeni wamekwisha fika na vikapu vyao.

Mwaka ule ukungu ulikaa siku tatu. Siku ya nne jua lilitoka, na Bibi Mkubwa akasema, akiniangalia mimi, "Kesho tunachoma. Nimechoka kukaa na kazi hii." Nilijua alichochoka nacho si kazi.

Nilimwambia Bibi Mdogo. Alikuwa anamenya maharage. Alisema, "Vyema," akaendelea kumenya.

Kabla ya kuchoma kuna desturi, nayo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kila aliyegusa udongo ule, hata mtoto aliyeuchezea tu, hutakiwa kusimama mbele ya kuni na kuchukua maji kinywani kutoka kata moja ya kibuyu. Kama ana neno na mtu, analisema kwanza, hapo hapo, na mwenzake anamjibu. Akishalimaliza, au kama hana, anasema "Sina neno," anachukua maji, anayapuliza juu ya kuni kama umande. Bibi zangu walisema moto una masikio. Mtu akipuliza maji huku ameficha neno, moto hulitafuta, na usipolipata kwake hulitafuta ndani ya vyungu. Nilikuwa nimeambiwa hivyo tangu sijajua kutembea. Kila mwaka nilipuliza maji yangu kwa furaha, maana yalinirudia usoni.

Asubuhi ile vyungu vilipangwa juu ya kuni, kumi na vitatu pamoja na mtungi mkubwa, vikafunikwa kwa magome na nyasi kavu. Bibi Mkubwa alishika kata.

"Sina neno," alisema haraka, kama mtu anayelipita shimo. Akapuliza.

Bibi Mdogo aliipokea kata. Alitazama vile vyungu kwa muda mrefu, akamtazama dada yake, akafungua mdomo, akaufunga. "Na mimi sina neno." Akapuliza.

Kata ikanifikia. Jiwe lilikuwa ndani, kwenye mzigo wangu, chini ya mto wa kulalia. Nilihisi kana kwamba moto umekwisha washwa na unanitazama. "Sina neno," nilisema. Maji yalinipalia, nikakohoa nusu yake, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo niliyopuliza.

Bibi Mkubwa akachomeka kijinga cha moto.

Mwanzoni moto ulinguruma tu vizuri. Kisha ndani yake kitu kikasema, pa! Bibi zangu wakasimama. Pa! Kikarudia. Halafu pa, pa, pa, mfululizo, na vipande vikarushwa mpaka uani, kimoja kikaanguka karibu na mguu wangu kinatoa moshi. Jirani yetu mmoja, ambaye ukoo wake na wetu ni watani, alitokea juu ya ukingo na jembe begani.

"Ee wajukuu wa chura!" alipaza sauti. "Askari wa Mdachi wamefika kwenu? Au mnawapigia mizinga ya kuwakaribisha?"

Siku nyingine wangemrudishia maneno mpaka akimbie. Siku ile macho yao hayakutoka motoni, naye alipotazama vizuri alishusha jembe akaenda zake.

Moto ulipokufa vilitoka vyungu vitano. Mtungi mkubwa ulikuwa umepasuka kitako chote, umebaki mduara kama kofia bila kichwa.

Bibi Mkubwa hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alimgeukia mdogo wake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimsemesha yeye mwenyewe. "Umepuliza maji yangu na neno moyoni, Tatu. Umeniulia masika."

Bibi Mdogo aligeuka. Aliingia ndani. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamwona anatandaza kanga yake, anaweka ndani yake nguo ya pili, kisu, jiwe lake la mtoni. Alikuwa na mwana wa kiume chini Morogoro, karibu na pale walipokuwa wakijenga njia ya reli, na siku zote walipogombana alisema atakwenda kukaa naye. Alisema tu. Sasa alikuwa anafunga mzigo bila kusema, na niliona kwamba safari hii atakwenda. Niliona nyumba ile na bibi mmoja ndani yake. Niliona nimelala na mgongo wangu uko baridi.

Nilipita chini ya mkono wake nikauchomoa mzigo wangu. Vidole vilikataa kufungua fundo, nikalifungua kwa meno. Nilitoka mbio mpaka uani, nikaliweka jiwe juu ya vile vigae vya moto, mbele ya miguu ya Bibi Mkubwa, nikasimama nikisubiri kufa.

Bibi Mkubwa aliliokota. Alilitemea mate, akalisugua kwa kidole gumba, akaliinua kwenye jua. "Ndilo lenyewe," alisema. Kisha akaniangalia. "Lilikuwa wapi?"

"Misheni."

"Lilikwenda kubatizwa?"

Nilianza kulia. Nilisema yote, ya harufu, ya kibao, ya kesho na kesho. Bibi Mdogo alikuwa ametoka na mzigo wake mkononi, amesimama anasikiliza. Nilipomaliza ikatoka sauti niliyodhani ni kilio. Ilikuwa kicheko. Bibi Mdogo alicheka mpaka mzigo ukamwanguka.

"Dada! Siku zote hizi mwizi tumemlaza katikati yetu, tena tunamfunika!"

Bibi Mkubwa alijizuia, akajizuia, mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani yamekwisha. Lakini Bibi Mdogo aliacha kucheka ghafla, akaketi chini kwenye majivu.

"Mtoto amesema lake," alisema. "Na mimi nina langu. Nilivigusa alfajiri. Vilikuwa baridi, dada. Mtungi ulikuwa baridi kama mtoni. Nikasema moyoni, ana mdomo, na aniulize. Nikachukua maji nikapuliza."

Bibi Mkubwa alikaa naye pale chini. Alikuwa analigeuzageuza lile jiwe kiganjani.

"Sikukuuliza," alisema. "Nilijua shavu langu halisikii. Nilijua, na sikukuuliza. Nilitaka viishe tu, usinione nakuomba kitu."

"Basi tumepuliza uongo wote watatu."

"Wote watatu. Huo moto ulikuwa na kazi nyingi."

Bibi Mkubwa aliniagiza kata. Tulichukua maji tena, mbele ya majivu ambayo hayakuyahitaji tena, kila mtu akasema lake kwa sauti, na safari ile nilipuliza maji yote bila kukohoa. Kisha nikachapwa fimbo mbili za miguuni, si nyingi, na nikapewa adhabu yangu. Vyungu vilivyopasuka havitupwi. Vigae hutwangwa mpaka viwe mchanga, na mchanga huo huchanganywa kwenye udongo mpya ili usipasuke. Nilitwanga vigae kiangazi chote kilichobaki. Mikono ilitoa malengelenge, na malengelenge yakawa sugu, na sikuwahi kufurahi hivyo maishani mwangu, kwa sababu nyuma yangu walikuwa wawili wamekaa bega kwa bega, wanapokezana jiwe la mama yao, na wanagombana kuhusu chumvi ya mboga.

Vyungu vya pili vilichelewa, na baadhi ya wanawake wa bondeni walikuwa wamekwisha nunua kwa wengine. Masika ile kulikuwa na siku za kula mara moja. Lakini walikula pamoja.

Niliporudi misheni nilimwuliza sista kwa nini vyungu hupasuka. Alinieleza vizuri kabisa habari ya maji kugeuka mvuke, na mvuke kutafuta njia ya kutokea. Kiangazi kilichofuata nilimweleza Bibi Mkubwa kwa fahari. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni kweli," alisema. "Sasa muulize sista wako, na hayo maji yalibakije humo, na watu watatu wenye akili wanavitazama?"

Sikumwuliza. Baadaye nafasi ya kuuliza ilikwisha, maana nilipovunja ungo mama alikuja kunichukua, nikarudisha kibao, nikaletwa huku mlimani kuwekwa ndani kama wasichana wa kwetu wote. Nililia kwa ajili ya shule, na bado siku nyingine nalia. Lakini swali la bibi nimekaa nalo, na nadhani sasa najua jibu. Sista alisema kweli, na bibi zangu walisema kweli. Moto haukusikia chochote. Ni sisi ambao hatukusikilizana, na maji yakabaki pale ambapo neno moja lingeyatoa. Waliotutangulia waliona vyungu vikipasuka katika nyumba zenye kununiana, wakaweka maji kinywani mwa kila mtu ili asipite bila kusema. Sioni kosa lolote katika desturi hiyo. Natamani kungekuwa na kata kama ile mbele ya mambo mengi zaidi.

Hiki ni kiangazi changu cha kwanza ambacho sikioni. Nakisikia tu. Nasikia watoto wakishuka mteremko juu ya magamba ya migomba, nasikia udongo ukipigwa, nasikia harufu yake ikiingia kwa chini ya mlango. Na nawasikia wao. Bibi Mkubwa haoni vizuri tena. Bibi Mdogo naye amezidi kuzeeka, shavu lake limeanza kumdanganya, na mwaka jana alisema "tayari" mara mbili na mara mbili kukasikika pa! Leo alfajiri walikuwa uani wakibishana, sauti zikapanda, zikashuka, zikanyamaza. Nikasikia miguu ya watu wawili ikija, ile ya kuburura na ile ya haraka. Mlango ukasukumwa upana wa kiganja, na kwenye ule upenyo, kabla ya uso wa mtu yeyote, kikaingia kitako cha chungu kibichi, na nyuma yake sauti ya Bibi Mdogo:

"Hodi, mke mwenzangu. Dada anasema kimekauka, mimi nasema bado. Lete shavu."